Itaendelea: Juu ya Hadithi Zinazotufikia kwa Simu

Washarika wetu wa Handeni na Korogwe wanasoma. Mara nyingi husemwa katika semina na vikao kwamba Watanzania wameacha kusoma, na wanaosema hivyo huwa wametazama rafu za vitabu zenye vumbi. Wangetazama simu. Kijana wa bodaboda pale Segera, akingoja abiria ashuke kwenye basi la Arusha, anasoma. Mama lishe wa stendi ya Korogwe anasoma huku maharage yakichemka. Mwalimu aliyepanda gari la Handeni anasoma mpaka mtandao unapokatika, kisha anakaa na simu mkononi akisubiri urudi, maana alikuwa amefika pale ambapo mke mdogo anafungua mlango na kumkuta mama mkwe amekaa na mganga.

Hizo ni hadithi za mfululizo, zinazoandikwa na watu wasio na mchapishaji wala mhariri, na kutumwa kipande kwa kipande. Kanisani hutajwa katika nafasi mbili tu. Nafasi ya kwanza ni pale vijana wa kipaimara wanapoonywa juu ya simu. Ya pili ni pale mtu anapotuma kwenye kundi la usharika kisa kirefu chenye kichwa kisemacho kwamba ni ushuhuda, na kuwataka wenzake wakisambaze. Hatujaona mahali ambapo hadithi hizi zinasomwa kama kazi za watu waliokaa wakazitunga, na kuulizwa ipi ni nzuri, ipi ni mbaya, na kwa nini. Katika insha hii tunataka kufanya hivyo. Mahubiri ya Jumapili huchukua dakika ishirini. Hadithi ya simu huingia kitandani na mtu kila usiku kwa miezi mitatu, na anapoimaliza amefundishwa jambo fulani juu ya Mungu, hata kama Mungu hakutajwa.

Tuanze na kazi yenyewe inavyofanyika. Mwandishi huandika usiku kwa kidole gumba, baada ya shughuli ya mchana. Wapo mafundi cherehani, wapo wauzaji wa maduka ya dawa, wapo waliomaliza vyuo vya ualimu na bado wanangoja ajira. Kila siku, au kila baada ya siku mbili, hutuma sehemu moja kwenye ukurasa wake wa Facebook au kwenye kundi la WhatsApp. Sehemu za mwanzo ni za bure. Hadithi ikishakolea, tangazo hufuata: anayetaka yote atume elfu moja, au elfu mbili, kwa namba hii. Wasomaji hujibu palepale. Wanalia, wanamtukana mhusika mbaya, wanatishia kujitoa kwenye kundi iwapo msichana ataolewa na yule mwanaume. Mwandishi wa kitabu angeweza kuishi mwaka mzima asijue msomaji wake alijisikiaje alipofika ukurasa wa tisini. Huyu wa simu anajua baada ya dakika tano. Ukaribu huo unamlisha, na pia, kama tutakavyoona, unamla.

Wanaodhani aina hii ya uandishi imeletwa na simu wamesahau mambo ya juzi tu. Faraji Katalambulla alipotoa Simu ya Kifo mwaka 1965, vijana waliipitisha mkono kwa mkono mpaka jalada likatoka. Elvis Musiba aliwapa Willy Gamba. Eric Shigongo alijulikana nchi nzima kwa hadithi za mfululizo katika magazeti ya Global Publishers, na wengi wa waandishi wetu wa simu walijifunzia huko namna ya kumwacha msomaji na kiu.

Lakini ukoo huu ni wa zamani zaidi, na tawi moja liko hapa kwetu. Katika Mazinde, wilaya ya Korogwe, palikuwa na ngome ya Semboja, mwana wa Kimweri. Miongoni mwa watu waliomtumikia alikuwamo Abdallah bin Hemedi, Mwislamu, msomi, aliyesikiliza wazee na kuandika. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilichapwa na wamisionari wa UMCA kule Magila, karibu na Muheza, na kilitoka kwa sehemu: ya kwanza mwaka 1895, ya pili 1904, ya tatu 1907. Miaka kumi na miwili! Leo mwandishi akichelewa siku nne, anaulizwa kama amefariki.

Tunawaomba washarika, hasa wa upande wa Handeni, wakitafute kitabu hicho. Kinaanzia kwao. Mbegha alikuwa mtu wa Nguu, katika nchi ambayo tangu 2002 ni wilaya ya Kilindi lakini kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya Handeni. Alizaliwa kigego, meno ya juu yakatangulia, na ndugu zake wakamwona mkosi, wakamnyima urithi. Akawa mwindaji wa nguruwe. Akakimbilia Kilindi, akapata rafiki, mtoto wa mkuu wa pale, na rafiki huyo akafa porini katika uwindaji. Mbegha akakimbia tena, akapanda milima ya Usambara na mbwa wake, akigawa nyama kila alikopita, mpaka watu wa Vuga wakamfanya mfalme. Mwandishi yeyote wa simu angekiri kwamba hapo pana sehemu arobaini, na kila moja ina mahali pazuri pa kukatia.

Jambo tunalotaka lionekane ni hili. Wamisionari wa Magila walikuwa na mashine moja ya kuchapia na mahitaji mengi: vitabu vya sala, masomo ya shule, gazeti lao Habari za Mwezi. Wakachapa pia kazi ya Mwislamu, iliyosimulia wafalme wanaoua na ndugu wanaosalitiana, isiyoshusha hukumu kila mwisho wa sura. Hawakumtaka Abdallah aigeuze kuwa mahubiri. Walijua kwamba habari hiyo ni ya kweli juu ya watu wa nchi hii, na hilo liliwatosha. Sisi Walutheri, ambao wamisionari wetu walifika Mlalo mwaka 1891 na baadaye tukawa na kiwanda chetu cha uchapaji pale Vuga, tuna la kujifunza kwa majirani hao.

Basi turudi kwenye simu, tuanze na sifa, kwa kuwa sifa ni nyingi kuliko wanavyokubali wanaozilaani.

Hadithi hizi zinajua maisha yana bei gani. Zinajua kwamba mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Zinajua siku ya marejesho katika kikundi cha mkopo, na jinsi mwanamke anavyopita njia ya nyuma ili mwenyekiti asimwone. Zinajua kwamba mgonjwa akihamishwa kutoka zahanati kwenda wilayani, na kutoka wilayani kwenda Bombo, familia inauza mbuzi kwa kila hatua. Riwaya nyingi tulizosomeshwa shuleni zilieleza umaskini kwa maneno makubwa. Hizi zinautaja kwa shilingi. Na mazungumzo yake ni ya watu walio hai: shangazi wa Kizigua anaongea kama shangazi wa Kizigua, hatoi hotuba. Tumesoma sehemu moja, ya mwandishi wa Korogwe, ambamo wanawake wawili wanachambua mchicha na kuongea juu ya bei ya sukari, na msomaji anaelewa kwamba mmoja wao anajua siri ya mwenzake, ingawa siri haikutajwa hata mara moja. Huo ni ufundi, na ulitumwa bure saa tatu usiku.

Kasoro ya kwanza inatokana na mkato. Kila sehemu lazima iishe kwa mshtuko, la sivyo msomaji harudi kesho. Matokeo yake hakuna mhusika anayeruhusiwa kukaa tu. Hakuna anayechoka, hakuna anayezoea jambo taratibu. Mtoto akifa, msiba hudumu sehemu mbili, kisha simu inaita na namba ni ngeni. Wachungaji tunaozika watu tunajua kwamba huzuni haina mwendo huo. Mwanamke aliyefiwa mwezi wa tatu anaanza kulia kweli mwezi wa nane, akiwa anafua. Hadithi za simu hazina mwezi wa nane.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, nayo ni mwisho. Katika hadithi nyingi tulizosoma, mwovu hupata ajali, au ugonjwa usiojulikana, au wazimu, na hufa akiungama. Mwema huolewa na mtu mwenye gari. Anayesali hupata, asiyesali hukosa, na yote hutimia ndani ya sehemu mbili za mwisho, kama karani anayefunga hesabu kabla ya kwenda nyumbani. Wasomaji huandika chini yake kwamba Mungu si Athumani, na wanaridhika.

Sisi haturidhiki. Watu walimletea Yesu habari za waliouawa, naye akawakumbusha wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akauliza kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wote wa Yerusalemu. Akakanusha. Mwandishi anayemwangushia mnara kila mwenye dhambi wake anafundisha kinyume cha hapo, na anafundisha kwa nguvu, kwa sababu ametufanya tumchukie yule mtu kwa wiki sita. Siku msharika wa kweli anapopata ajali pale Hale, swali la kwanza la majirani linakuwa: alifanya nini?

Tumesikia jibu linalotolewa kwa pingamizi hili: Ayubu naye si alirudishiwa maradufu? Alirudishiwa. Lakini kitabu kina sura arobaini na mbili, na zaidi ya thelathini kati yake Ayubu yuko majivuni akibishana. Mtunzi hakutupitisha haraka. Elifazi, Bildadi na Sofari ndio wenye hadithi ya simu: wanajua kwa nini mtu huteseka, wana mwisho tayari, na mwishoni Mungu anawaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa. Nao watoto kumi wa kwanza wa Ayubu hawakufufuka. Martin Luther, katika mjadala wa Heidelberg mwaka 1518, alitofautisha mwanatheolojia wa utukufu na mwanatheolojia wa msalaba. Wa kwanza huita ubaya wema na wema ubaya. Wa pili hukiita kitu jinsi kilivyo. Kipimo hicho kilitolewa kwa ajili ya walimu wa kanisa, lakini hatujaona kinachofaa zaidi kwa mtunzi wa hadithi.

Hapa lazima tuseme neno juu ya vile visa vinavyotumwa kwenye makundi ya usharika kwa jina la ushuhuda: msichana aliyekufa akaonyeshwa jehanamu na kuwaona huko waliovaa suruali, dereva aliyempakia abiria asiye na kivuli. Mengi ni maandishi ya kutungwa, na mtunzi wake anajua hivyo. Kutunga si dhambi. Bwana wetu alitunga. Ila hakusema kwamba mwana mpotevu anaishi Kapernaumu nyuma ya sinagogi na anayetaka kuhakikisha aende. Mfano ulijulikana kuwa ni mfano, na ndiyo sababu uliweza kusema kweli. Anayebandika maneno kisa cha kweli juu ya kitu alichokibuni amevunja amri ya nane, na hadithi yake hupoteza hata ule ukweli ambao ingeweza kuwa nao.

Sasa tuieleze hadithi moja kwa kirefu, kwa sababu ni nzuri kuliko zote tulizozisoma kwenye simu, na kwa sababu ya yaliyoipata. Mwandishi ni dada wa Handeni. Hatutamtaja, wala kichwa cha hadithi hatutakitaja, maana anaishi miongoni mwetu na kijiji ni kidogo. Inahusu mama mjane anayelima mahindi. Mwanawe wa pekee amekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Mwanzoni anapiga simu kila Jumapili, baadaye kila mwezi, baadaye namba haipatikani. Mama anapika jioni, anakula, na sahani ya mtoto anaifunika kwa kawa na kuiweka mezani. Asubuhi anakula kile kiporo mwenyewe, anakwenda shamba. Mvua inakosekana mwaka huo, na mwandishi anatueleza kwa utulivu jinsi ugali unavyopungua, lakini sahani ni mbili. Mama ni mshirika wa kanisa. Anasali, na sala zake ni fupi na hazina mapambo. Mchungaji anamtembelea, anasoma Zaburi, anaondoka. (Tulitamani mchungaji yule angekaa kidogo zaidi, lakini tunakiri kwamba amechorwa vizuri.)

Sehemu ya 21 ina aya nne tu. Mama anafunika sahani kama kawaida. Asubuhi anaifunua, anaitazama, anawamwagia kuku. Anachukua jembe. Mwandishi akaandika Mwisho.

Kundi likawaka. Wasomaji waliolipa walidai fedha zao. Wengine waliandika kwamba hadithi ya Mkristo haiwezi kuisha hivyo, kwamba ni kukosa imani, kwamba dada amewavunja moyo wanawake wanaowasubiri watoto wao. Wakamwambia amalizie. Baada ya siku tano ikaja sehemu ya 22. Gari jeusi linaingia kijijini, vumbi linatimka, kijana anashuka na miwani, ana mke na mtoto aitwaye jina la bibi yake. Simu ilikuwa imeibwa, ndiyo sababu hakupatikana. Mama anaanguka magotini. Shangwe, vigelegele, na ujumbe mia mbili wa asante.

Sehemu ya 22 ni mbaya. Tunasema hivyo bila kumlaumu sana mwandishi, aliyekuwa na watu mia mbili mlangoni, bali kwa ajili ya kazi yenyewe. Lugha imelegea. Yule mama aliyesali kwa maneno sita sasa anatoa hotuba. Miwani ile haikuwamo popote katika hadithi na haitoki kwa kijana tuliyemjua. Na lililo baya zaidi, sehemu ya 22 inaifanya sahani iwe chambo. Usiku wote ule mama hakuwa anamnunua mwanawe kwa ugali. Alikuwa anampenda mtu asiyekuwepo, na hakujua kama yupo hai. Hiyo ni hali ya wanawake wengi katika wilaya hizi mbili, ambazo vijana wake wamekuwa wakiondoka kwenda mijini tangu enzi za mkonge ulipoanguka bei, na kwa aya nne dada yule alikuwa ameketi pamoja nao. Sehemu ya 22 iliwaacha.

Wale waliosema kwamba hadithi ya Mkristo haiwezi kuisha bila jibu waifungue Biblia yao. Kitabu cha Yona kinakoma kwenye swali, na hatuambiwi Yona alijibu nini. Katika Luka 15 baba anatoka nje kumsihi mwanawe mkubwa, na Yesu ananyamaza hapohapo. Mpaka leo hatujui kama aliingia karamuni. Injili ya Marko, katika nakala zake za kale sana, inakoma pale wanawake wanapokimbia kutoka kaburini kwa hofu. Mashahidi hao watatu wanatosha.

Yapo pia madai ya upande wa pili, nayo ni ya haki: deni letu sisi wasomaji kwa watunzi hawa. Mwandishi wa Korogwe tuliyemtaja, yule wa mchicha, aliletewa hadithi yake mwenyewe na binamu aliyeko Mwanza. Jina lake lilikuwa limefutwa, jina la mhusika limebadilishwa, na mwishoni palikuwa na namba ya mtu mwingine ya kutumia fedha. Washarika wengi huona hilo ni jambo dogo. Husema mambo ya mtandaoni ni ya wote, au, kwa lugha ya kidini zaidi, kwamba baraka husambazwa.

Sheria ya nchi haioni hivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humpa mtunzi haki juu ya kazi yake hata kama haijachapwa kitabu. Katekisimo nayo haioni hivyo. Luther anapofafanua amri ya saba hasimami kwenye mwizi wa usiku, anaendelea mpaka kwenye bidhaa mbovu na udanganyifu, na anatutaka tumsaidie jirani kuitunza na kuiboresha riziki yake.

Naye alijua anachosema, maana aliibiwa. Ni kweli kwamba matengenezo ya kanisa yalisafiri kwa nakala zisizoombwa ruhusa. Mahubiri yake mafupi kwa Kijerumani juu ya hati za msamaha na neema, ya mwaka 1518, kijitabu cha kurasa chache ambacho fundi angeweza kukisoma kwa kikao kimoja, yalichapwa upya zaidi ya mara ishirini ndani ya miaka miwili hivi, katika miji ambayo mwandishi hakuwa na mamlaka nayo. Luther hakudai malipo kwa vitabu vyake. Lakini mwaka 1525 mtu aliiba karatasi zake za mahubiri kutoka kiwandani Wittenberg, zikachapwa mji mwingine kabla yeye hajamaliza kuandika. Alikasirika sana, akawaandikia wachapaji onyo, akiwafananisha na wanyang'anyi wa barabarani, na akalalamika kwamba maneno yake yameharibiwa hata hayatambui. Kunakili kwenyewe hakukumsumbua. Kilichomuuma ni kuibiwa jasho na kuharibiwa neno.

Mitume walijua hatari hiyo mapema zaidi. Paulo aliwataka Wakolosai wabadilishane barua na Walaodikia, yaani wasambaze. Lakini aliwaonya Wathesalonike juu ya barua zinazojifanya zimetoka kwake, akaweka salamu kwa mkono wake mwenyewe kuwa alama. Na katika Warumi 16 yule aliyeshika kalamu, Tertio, anajitokeza na kusalimu kwa jina lake. Alikuwa mwandishi wa kuamriwa tu, maneno hayakuwa yake, na kanisa limelibeba jina lake kwa karibu miaka elfu mbili. Sisi tunashindwa kulibeba jina la dada wa Korogwe kutoka kundi moja hadi jingine.

Kwa hiyo washarika wanaweza kuanza na mambo madogo. Ukituma hadithi, iache na jina lake. Mtunzi akiomba elfu moja, na umekwisha kusoma sehemu kumi na tano, mtumie. Sharika zenye mashine ya kudurufu zingeweza kufanya zaidi, kama Magila walivyofanya: kuchagua hadithi tatu au nne za waandishi wa eneo, kuzikusanya katika kijitabu, na kuzisoma katika vikundi. Tunaomba tu kwamba wasiambiwe waongeze mstari wa Biblia mwishoni. Tangu 2023 taifa limekuwa likitoa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na hakuna sababu mswada wa kutoka Handeni usifike huko, ila ni lazima kwanza uwe umepita mikononi mwa wasomaji wanaoweza kumwambia mtunzi kitu kingine zaidi ya asante na malizia.

Wasomaji hao wapo. Kikundi kimoja cha akina mama katika mtaa wa Handeni kilisomewa ile hadithi ya mjane mpaka sehemu ya 21, bila ya 22, kwa idhini ya mwandishi aliyekuwapo ameketi nyuma. Walibishana mpaka wakati wa kwenda kupika ukapita. Mmoja alisema kuwamwagia kuku maana yake amekata tamaa. Mwingine akasema la, amesamehe. Kisha mama mmoja mtu mzima, ambaye hana simu ya kusomea hadithi, akasema mwandishi ameharibu mahali pamoja: mwaka wa njaa hakuna mwanamke wa huku anayempa kuku ugali, hata awe na huzuni ya namna gani. Angeula, akaenda shamba. Dada yule alitoa simu yake, akaandika kitu.